Haiba ya Kiongozi na Nafasi Aliyoachiwa: Utangulizi

Katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, si ajabu kukuta vyama viwili vya msingi vya kahawa vilivyotenganishwa na mto mmoja tu. Mvua ni ileile, miche ni ileile, Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inavibana sawasawa, na bei inaamuliwa mnadani, mbali na wenyeviti wa pande zote mbili. Lakini katika chama kimoja wakulima wanaleta kahawa ya maganda mchana kweupe, wanapima, wanachukua stakabadhi na kurudi nyumbani kungoja malipo ya pili. Katika chama cha pili wanachama wanauza kwa magoma, kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu hawaamini kwamba fedha itakayopitia chamani itawafikia. Ukimuuliza mkulima tofauti imetoka wapi, hatakuzungusha. Atasema: ni mwenyekiti.

Jibu hilo fupi ndilo taaluma ya haiba ya viongozi inalolichunguza. Ni jibu lenye ukweli ndani yake, na pia ni jibu linaloficha mengi. Utangulizi huu unamkaribisha msomaji ambaye hajawahi kulifikiria kitaalamu: mwanafunzi wa ushirika, afisa maendeleo ya jamii, katekista anayesimamia mfuko wa parokia, mjumbe wa bodi aliyechaguliwa juzi na bado hajui alichojitwisha. Mifano nitaitoa Mbinga, mwambao wa Ziwa Nyasa na maeneo ya mkoa wa Ruvuma yaliyo jirani. Mahali hapa pana historia ndefu ya taasisi zilizoinuka na kuanguka machoni pa watu, na karibu kila moja ina kiongozi ambaye wazee bado wanamtaja kwa jina.

Kwanza kuhusu taaluma yenyewe. Wazo la kwamba tabia ya mkuu huwa tabia ya nyumba anayoiongoza ni la kale, lakini utafiti wake wa kisasa una umri wa kama karne moja. Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1920, alitenganisha utii wa aina tatu: unaotokana na mila, unaotokana na sheria, na unaotokana na karama ya mtu. Huu wa tatu ndio uliomsumbua zaidi, kwa sababu karama hairithiki. Mwenyewe akiondoka, wafuasi hawana budi kuigeuza kuwa utaratibu, vinginevyo kila kitu kinatawanyika. Baada yake wanasaikolojia wa Marekani walijaribu kuorodhesha sifa za kiongozi bora. Mwaka 1948 Ralph Stogdill alizipitia tafiti zote alizozipata akahitimisha kwamba hakuna mtu anayekuwa kiongozi kwa sababu tu ana sifa fulani; sifa hizo lazima zioane na mazingira na wale anaowaongoza. Mwaka 1984 Donald Hambrick na Phyllis Mason waliirudisha hoja ya mtu mezani kwa namna nyingine. Walisema taasisi ni kioo cha wakubwa wake, maana uamuzi wa juu hupita kwanza kwenye macho, hofu na mazoea ya watu wachache.

Takwimu zinazonukuliwa zaidi ni za Timothy Judge na wenzake, za mwaka 2002. Walikusanya matokeo ya sampuli 73 na kuyapima kwa vigezo vitano vya haiba ambavyo wanasaikolojia wengi wanavikubali. Uchangamfu ulihusiana na uongozi kwa 0.31, umakini katika kazi kwa 0.28, utayari wa kupokea mambo mapya kwa 0.24, na wasiwasi wa moyo kwa 0.24 hasi. Wepesi wa kuelewana na watu ulishika mkia, 0.08. Asiyezoea namba hizi ajue kwamba 0.31 maana yake ni kuwa uchangamfu peke yake unaeleza kama sehemu moja tu ya kumi ya tofauti kati ya mtu na mtu. Si kidogo, ila haitoshi mtu kutembea kifua mbele.

Kwangu mimi jambo zito zaidi katika utafiti huo liko ndani zaidi. Judge na wenzake walitenganisha anayeonekana kuwa kiongozi na anayeongoza vizuri, na picha ikabadilika. Umakini, ambao unamsaidia sana mtu kuonekana anafaa, uhusiano wake na utendaji wenyewe ni mdogo zaidi. Wepesi wa kuelewana na watu, ambao karibu haumsaidii kabisa mtu kupata kiti, unasaidia akishakikalia. Aliyewahi kuhudhuria mkutano mkuu wa chama cha msingi, watu wamekaa kwenye matofali na mabenchi ya shule, anajua kura zinakoelekea: kwa mwenye sauti, anayejua kuchekesha, anayempiga mkwara karani wa mizani mbele ya umma. Mama aliyekaa nyuma, ambaye kijiji kizima humkabidhi fedha za vikoba, hatajwi. Ni kweli kwamba sampuli hizo nyingi zilitoka nchi za Magharibi, na hatuwezi kuzihamishia Mbinga kama zilivyo. Lakini anayetaka mada ya shahada ya uzamili anaweza kuanzia hapohapo.

Sasa tushuke ziwani, Liuli, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wenye umbo la sanamu ile ya Misri. Mwaka 1914 ziwa lilikuwa na manahodha wawili waliofahamiana vizuri: Rhoades, Mwingereza wa meli ya Gwendolen, na Berndt, Mjerumani wa Hermann von Wissmann. Walikuwa marafiki. Vita vilipotangazwa Ulaya, habari ilimfikia Rhoades kwanza, pamoja na amri ya kuiharibu meli ya Wajerumani. Katikati ya Agosti 1914 alifika Liuli, akaikuta Wissmann imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, akaipiga mizinga. Inasimuliwa kwamba Berndt, ambaye hakuwa na habari yoyote ya vita, aliruka kwenye mashua ndogo akapiga makasia kumfuata rafiki yake, akifoka na kumuuliza kama amelewa. Akachukuliwa mateka.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho cha vita. Mimi nakitumia darasani kueleza jambo ambalo Walter Mischel alilisisitiza katika miaka ya 1960 na 1970: kuna mazingira yanayobana na mazingira yanayolegea. Palipo na amri, cheo, sheria na adhabu, tabia ya mtu hujificha. Rhoades angeweza kuwa mpole au mkali, mlevi au mcha Mungu, mizinga ingelia tu, maana jeshi la majini halikumwachia nafasi. Mtafiti anayeanza kwa kuuliza "Rhoades alikuwa mtu wa namna gani?" ameanzia mahali pasipo na jibu.

Katika mwambao huohuo, miaka ileile, palikuwa na mtu ambaye mazingira hayakumbana hata kidogo. William Percival Johnson, mmisionari wa Kianglikana wa UMCA (Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati), alifika ziwani mwanzoni mwa miaka ya 1880 na kubaki hadi alipofariki mwaka 1928. Kaburi lake liko Liuli. Alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kuona, hakujali chakula wala nguo, na alitembea kijiji hadi kijiji au kushushwa na meli ya misheni ufukweni na kuchukuliwa siku nyingine. Mwenzake, Chauncy Maples, alizama ziwani mwaka 1895, miezi michache tu baada ya kuwekwa wakfu kuwa askofu. Makao makuu ya misheni yalikuwa London, na barua ilichukua muda mrefu kwenda na kurudi. Katika hali kama hiyo haiba ya mtu ndiyo katiba. Johnson alipenda kutembea, kwa hiyo misheni ikawa ya kutembea. Alipenda lugha na kutafsiri Maandiko, kwa hiyo shule za vijijini na walimu wenyeji wakawa uti wa mgongo wa kazi. Angekuwa mtu wa majengo, tungerithi mwambao wenye sura nyingine.

Watafiti wanaiita nafasi hii uhuru wa kuamua. Hambrick na Sydney Finkelstein waliifafanua mwaka 1987, na ndiyo fimbo ninayomkabidhi kila anayeingia katika taaluma hii. Kabla hujampima kiongozi, pima nafasi aliyoachiwa. Nafasi ikiwa finyu, haiba yake ni habari za magazetini tu. Ikiwa pana, haiba ni jambo la kufa na kupona.

Kisa kikubwa zaidi tulichonacho mkoani ni cha Litowa, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1960 vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, waliingia porini Litowa, wilaya ya Songea, kuanzisha kijiji cha kulima pamoja. Mwanzo ulikuwa mgumu. Baadaye aliungana nao Ralph Ibbott, Mwingereza, mkadiriaji majenzi kwa taaluma, aliyekuwa ameishi katika shamba la St Faith's huko Rhodesia Kusini, ambako weupe na weusi walilima kwa ubia jambo ambalo wenye mamlaka hawakulipenda. Mwaka 1963 kikaundwa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichojulikana zaidi kwa herufi RDA. Vijiji vikaongezeka hadi kufikia 17. Walikuwa na mashine ya kusaga nafaka, kazi za mbao na ufumaji, na shule ya Litowa iliyowapokea watoto wa vijiji vyote na kuwafundisha kwa namna iliyofanana mno na yale ambayo Mwalimu Nyerere aliyaandika mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea. Andiko lake jingine la mwaka huo, Ujamaa Vijijini, lina harufu ya Litowa katika kurasa zake nyingi.

Ni haiba gani zilizokijenga chama hiki? Hakuna anayemweleza Millinga kama mhutubiaji wa kutikisa uwanja. Anaelezwa kama mtu aliyeshika jembe pamoja na wenzake na aliyeweza kuvumilia mikutano mirefu. Mkutano wa kijiji ndio uliokata shauri, hata juu ya mambo madogo ambayo kiongozi mwenye haraka angeyamaliza kwa dakika mbili. Ibbott alishika msimamo kwamba mshauri hashiki usukani. Ukitazama vigezo vya Judge, hawa hawakuwa watu wa uchangamfu wa jukwaani. Walikuwa watu wa subira, na subira yao ikageuka kuwa utaratibu. Weber angefurahi. Karama ilikuwa imeanza kuwa desturi, na vijiji vipya vilijifunza kwa kupokea watu kutoka vijiji vya zamani, si kwa kusomewa waraka.

Lakini tabia hiyohiyo ndiyo iliyowaponza. Watu waliozoea kujadili kila jambo hawakuwa wepesi kupokea amri, na viongozi wa chama na serikali mkoani waliona taasisi ambayo wakubwa wake hawakuteuliwa nao, ina fedha zake na wahisani wake, na inamsikiliza mzungu. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua RDA ivunjwe. Mali zikachukuliwa, walimu wa Litowa wakatawanywa, familia ya Ibbott ikaondoka nchini. Mwalimu, aliyekuwa ameisifu na kuiga mengi kutoka kwake, hakuizuia hatua hiyo.

Hapo ndipo wanafunzi wangu hugawanyika. Wengine husema RDA ilishindwa kwa sababu viongozi wake hawakuwa wanasiasa: walijua kuishi na wanakijiji, hawakujua kuishi na mkuu wa mkoa. Wengine husema hakuna haiba ambayo ingewaokoa, maana chama kimoja kilichoshika hatamu hakingevumilia ushirika usiopita kwake. Ninaelemea upande wa pili, ingawa si kwa moyo wote. Nafasi waliyokuwa nayo kati ya 1960 na 1967 ilitokana na umbali na kutojulikana, kama ile ya Johnson ufukweni. Mara tu maandiko ya Mwalimu yalipoifanya Litowa kuwa mfano wa taifa, nafasi ile ikaisha. Sifa ziliwaletea wageni, na wageni waliwaletea wivu. Hata hivyo kuna kijiji kimoja cha RDA kinachonizuia kufunga hoja. Matetereka kiliendelea na kazi za pamoja kwa miaka mingi baada ya chama mama kufutwa, wakati vingine vikisambaratika. Sheria ilikuwa moja, pigo lilikuwa moja. Kuna jambo walilolifanya wazee wa Matetereka, au walivyokuwa wao wenyewe, ambalo bado linastahili kitabu.

Tukirudi milimani, kuna mfano wa aina nyingine kabisa, ambao ninaupenda kwa sababu unapunguza makali ya swali letu. Wamatengo walikuwa na sengu. Wanaume wa ukoo walikusanyika jioni kwa mzee wao, chakula kikaletwa kutoka nyumba mbalimbali, wakala pamoja, na hapohapo wakazungumza: nani ameingia mpaka wa nani, kijana yupi hafanyi kazi, lini mashamba ya ngoro, yale ya vishimo, yaanze kukatwa nyasi. Mzee alikuwa na neno la mwisho, lakini lilipita kwanza kwenye midomo mingi, na watu wakiwa wameshika tonge. Sengu ilififia. Kisha kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Japani walifanya kazi na wananchi wa kijiji cha Kindimba, na wanakijiji walipohitaji chombo cha kusimamia mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa maji, walikiita kamati ya sengu. Kutoka kwenye mashine wakaenda kwenye vitalu vya miti na mabwawa ya samaki.

Sisemi kwamba jina la zamani lilitosha kuleta uadilifu. Kamati yenye jina zuri inaweza kula fedha kama nyingine yoyote. Ninachokitaka kwenye mfano huu ni umbo lake. Katika sengu haiba ya mkuu haipotei, ila inachujwa. Mkali hulazimika kula na aliowakaripia. Mpole hupata wa kumsemea. Nadharia nyingi za uongozi ziliandikwa zikiwa na picha ya mkurugenzi ofisini, mlango umefungwa, na zinakosa maneno ya kueleza uongozi unaofanyika watu wakiwa wameketi kuzunguka chakula. Hapo msomi wa Kiswahili ana kazi yake mwenyewe, si ya kuazima.

Niingize onyo ambalo vitabu vingi vya aina hii huliweka mwishoni kwa aibu. James Meindl na wenzake, mwaka 1985, walionyesha kwamba watu hupenda kumhusisha kiongozi na matokeo hata pale asipohusika, hasa matokeo yakiwa makubwa mno, mazuri au mabaya. Historia ya kahawa ya Mbinga inathibitisha jambo hilo vizuri kuliko maabara. Julai 1989 mgawo wa mauzo chini ya mkataba wa kimataifa wa kahawa ulisimamishwa na bei ikaporomoka duniani kote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 chama kikuu cha Mbinga, MBICU, kilichokuwa kikiwakopesha wakulima pembejeo, kikaanguka, na biashara ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Katikati ya mwaka 1994 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil na bei ikaruka. Mwenyekiti aliyechaguliwa mwaka 1990 alionekana mwizi. Aliyechaguliwa mwaka 1994 alionekana mwerevu. Huenda wote wawili walikuwa watu wa kawaida tu, na mmoja alipata msaada wa baridi ya São Paulo.

Vivyo hivyo, Mei 2017 Benki Kuu ya Tanzania ilipoifungia Benki ya Wananchi Mbinga, sababu iliyotangazwa ilikuwa upungufu wa mtaji. Hilo ni tatizo la mizania kabla ya kuwa tatizo la mtu, na mtafiti makini hatakimbilia kutafuta jina. Stanley Lieberson na James O'Connor walifuatilia kampuni 167 za Marekani kwa miaka 20, wakachapisha matokeo mwaka 1972: sekta yenyewe na historia ya kampuni vilieleza mauzo na faida zaidi kuliko kubadilishwa kwa wakuu. Wamebishiwa sana tangu hapo, lakini ni vizuri kuwasoma kabla ya kuwalaumu wenyeviti.

Kuna pia tawi linalochunguza upande wa giza, na hilo huwavutia wasomaji wapya kupita kiasi, kwa hiyo nalipitia haraka. Arijit Chatterjee na Hambrick, mwaka 2007, walipima majivuno ya wakuu 111 wa kampuni za kompyuta bila kuwahoji hata mmoja, wakitumia dalili kama ukubwa wa picha ya mkuu katika taarifa ya mwaka. Kampuni za wenye majivuno hazikufanya vizuri wala vibaya kuliko nyingine kwa wastani. Ziliyumba zaidi, faida kubwa mwaka huu, hasara kubwa mwaka ujao. (Kwetu pengine tungeanza na kalenda za ukutani.) Kwa taasisi yenye akiba, kuyumba si hatari sana. Kwa chama cha msingi ambacho kikikosa malipo ya pili msimu mmoja kinapoteza wanachama kwa magoma msimu unaofuata, mkuu anayeyumba ni hatari hata kama wastani wake ni mzuri.

Basi anayetaka kuanza aanzie wapi? Namshauri asianze na hojaji. Hojaji za haiba zilizotafsiriwa kwa Kiswahili mara nyingi hupima uelewa wa swali kuliko haiba ya mtu, na mwenyekiti yeyote anajua jibu linalopendeza. Achague vyama viwili vinavyofanana kwa bei, mvua na sheria, kama vile vya mwanzo wa utangulizi huu. Aombe ruhusa ya kusoma mihtasari ya mikutano ya miaka kadhaa na ripoti za COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, ambazo zina lugha kavu lakini hazifichi mizani iliyokosa kuhakikiwa wala mkopo uliotolewa bila saini. Aangalie ni maamuzi gani katiba inamwachia mwenyekiti na bodi, na ni yapi yanayotoka kwa mrajis wa vyama vya ushirika au kwenye mnada, ili ajue ni wapi haiba ingeweza kuonekana hata kidogo.

Kisha ahudhurie mikutano, akae nyuma, na aandike mambo matatu: nani alizungumza baada ya mwenyekiti, hoja ya nani ilipingwa bila mpingaji kutukanwa, na ni lipi kati ya yaliyosemwa lililoingia kwenye muhtasari wa katibu. Katika vyama vya mwambao, vikiwemo vikundi vya wavuvi wa usipa kule Mbamba Bay na Lituhi, mikutano mara nyingi hufuata giza la mwezi na upepo, si kalenda ya ofisi, kwa hiyo ajiandae kusubiri. Akishapata misimu miwili ya kumbukumbu hizo, ndipo afungue Weber, Hambrick na Judge, na aanze kubishana nao.